Kuhamisha Vyombo vya Nyumbani Kwenda Ng'ambo: Mwongozo Kamili wa Bajeti, Kutoka Futi Kamba Hadi Mlango wa Nyumba Mpya

Mtu akishaamua kuhamia nchi nyingine, mara nyingi jambo la kwanza analofanya kuhusu vyombo vyake ni kupiga simu kwa msafirishaji na kuuliza, "Ni bei gani?" Swali hilo likitangulia futi kamba, jibu lake halina faida. Msafirishaji hajui una nini, wewe hujui una kiasi gani, na namba itakayotajwa hapo ni ya kukufanya uendelee kuzungumza naye.

Nimehamisha nyumba kuvuka bahari mara mbili, na tangu hapo nimekaa mezani na ndugu na marafiki wengi tukipiga hesabu za safari zao. Kila mara naona jambo lilelile. Nauli ya meli watu huijua mapema na kujiandaa nayo. Inayowaumiza ni pesa inayodaiwa mwisho wa safari, mzigo ukiwa umeshafika bandarini, uko mikononi mwa wengine, na mwenyewe hana tena nguvu ya kubishana. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye mambo mawili: ujazo wa mzigo wako, na gharama za upande wa pili wa bahari. Ukiyadhibiti hayo, mengine yanafuata.

Anza miezi 3 kabla ya kuondoka, na ukiweza anza mapema zaidi.

Hatua ya 1: Pima kila kitu

Meli inauza nafasi. Kwa mzigo wa baharini, kipimo cha malipo hulinganisha mita moja ya ujazo na tani moja, na unatozwa kwa kile kilicho kikubwa. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi kwa ukubwa wake: mita moja ya ujazo huwa na kilo 100 hadi 130 hivi. Kwa hiyo utalipia ujazo karibu kila mara, na uzito hautakuwa na neno.

Chukua futi kamba, daftari na kalamu. Pita chumba kwa chumba. Kwa kila kitu andika urefu, upana na kimo kwa mita, kisha zidisha. Pima sehemu iliyochomoza zaidi, maana msafirishaji naye atapima hapohapo. Mashine ya kufulia ya sentimita 60 kwa 60 kwa 85 inatoka mita 0.31 za ujazo. Friji ya 60 kwa 65 kwa 180 inatoka mita 0.70. Boksi la vitabu la 45 kwa 33 kwa 30 ni mita 0.045, yaani maboksi 22 yanajaza mita moja.

Sasa tazama kitu kimoja kwa karibu. Sofa yangu ya viti vitatu ilikuwa na urefu wa mita 2.10, upana 0.95 na kimo 0.85. Hapo ni mita 1.70 za ujazo. Nilipoilaza kwa mgongo niliona miguu yake minne imefungwa kwa skrubu, kila mmoja una sentimita 12. Niliifungua kwa mkono, bila hata kifaa, nikaiweka kwenye mfuko mdogo nikaufunga chini ya sofa kwa utepe. Kimo kikashuka hadi 0.73, na ujazo ukawa mita 1.46. Robo ya mita iliokolewa kwa dakika tano, nafasi ya maboksi matano ya vitabu. Tangu siku hiyo sipimi samani kabla ya kuigeuza chini juu. Meza zenye miguu ya kufungua, vitanda vya kuunga, makabati yenye mashelfu: vyote vina hewa ndani yake, na hewa hiyo utailipia mpaka ng'ambo ikiwa hukuiondoa.

Ukimaliza, jumlisha, kisha ongeza asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya vifungashio na mapengo. Namba utakayopata ndiyo msingi wa bajeti yote.

Hatua ya 2: Chuja kwa hesabu, si kwa huruma tu

Huwezi kuchuja vizuri kabla hujajua mita moja inakugharimu kiasi gani mpaka mlangoni, kwa hiyo utaifanya hatua hii mara mbili: mara moja sasa kwa makadirio, na mara ya pili ukishapata bei halisi.

Tuseme gharama yote ni 400 kwa kila mita ya ujazo, kwa fedha yoyote unayotumia. Sofa ile ya mita 1.46 itakula 584. Ikiwa unakohamia sofa iliyotumika lakini nzima inapatikana kwa 300, kuibeba ya kwako ni kulipa 284 zaidi. Fanya hesabu hiyo kwa kila kitu kikubwa. Utashangaa jinsi samani za kawaida zinavyoshindwa, na jinsi vitu vidogo vya thamani vinavyoshinda: vyombo vizuri vya jikoni, zana za kazi, cherehani, vitabu vya taaluma yako.

Vifaa vya umeme vikague kimoja kimoja. Nchi nyingi zinatumia volti 220 hadi 240. Marekani inatumia 120 na Japani 100. Geuza kifaa usome kibandiko chake. Kikiandikwa "100–240V, 50/60Hz", kama chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato, unahitaji adapta ya plagi tu. Kikiandikwa volti moja peke yake, nayo ni tofauti na ya unakokwenda, kitahitaji transfoma, na kwa kitu kinachopasha moto kama pasi, birika au kikaushia nywele, transfoma hiyo itakuwa nzito na ya bei kuliko kifaa chenyewe. Viuze, vigawe, viache.

Halafu kuna vitu visivyo na hesabu. Kiti alichokalia bibi, kitanda cha mtoto kilichochongwa na fundi wa familia, kasha la picha. Vibebe. Ila viandike kwenye ukurasa wao peke yake, ujue kwamba hapo unalipia kumbukumbu na umekubali bei yake. Ubaya ni kuviacha vichanganyike na vingine mpaka kila kitu ndani ya nyumba kikawa cha kumbukumbu.

Ondoa mapema vile ambavyo wasafirishaji hawabebi: mitungi ya gesi, rangi na mafuta, makopo ya kupuliza, kemikali, vyakula vinavyooza, mimea. Betri za lithiamu zilizo huru nazo ni tatizo, ziulizie kabla hujazifunga. Vitu vya pembe za ndovu, magamba ya kobe wa baharini au ngozi za wanyama adimu vinagusa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea adimu, na bila vibali vinaweza kutaifishwa hata kama ni vya urithi.

Hatua ya 3: Chagua njia ya usafiri

Kontena la futi 20 lina ujazo wa ndani wa mita 33 hivi, lakini samani hazipangiki kama matofali. Hesabu mita 25 hadi 28 zinazotumika kweli. La futi 40 lina mita 67, na lile refu la kwenda juu lina 76. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala iliyochujwa vizuri mara nyingi huingia kwenye la futi 20.

Mzigo ukiwa mdogo, unashea kontena na wengine. Unalipia mita zako tu, na wasafirishaji wengi wana kiwango cha chini cha malipo, kwa kawaida mita 1. Kasoro zake ni mbili. Kontena linasubiri lijae ndipo liondoke, na mzigo unashikwashikwa mara nyingi zaidi, kwenye ghala la kukusanyia na kwenye ghala la kutawanyia. Kila mshiko una gharama yake na hatari yake. Mzigo wako ukifika mita 13 hadi 15, omba bei ya njia zote mbili, maana kuanzia hapo kontena zima linaweza kuwa rahisi kuliko kushea.

Ndege ni kwa vichache vya haraka. Huko unatozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Kwa mizigo ya kawaida ya anga unachukua sentimita za ujazo unagawanya kwa 6,000. Kampuni za vifurushi nyingi hugawanya kwa 5,000. Boksi la mablanketi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 huenda lina kilo 6 tu kwenye mizani, lakini kwa hesabu ya kwanza utalipia kilo 25, na kwa ya pili kilo 30. Vitabu ni kinyume chake: vinalipiwa uzito wake halisi. Kwa hiyo vyepesi na vikubwa viende kwa meli. Kwa mtu mwenye maboksi matatu au manne, ulizia pia bei ya begi la ziada kwenye ndege anayosafiri nayo. Mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Na mwenye vitabu vingi aulize posta kama wana mfuko maalumu wa machapisho, ambao katika nchi zilizo na huduma hiyo hubeba hadi kilo 30.

Hatua ya 4: Omba kotesheni, kisha isome kwa jicho la wakili

Omba kotesheni tatu, yaani bei za maandishi kutoka kwa wasafirishaji watatu, na wape wote watatu orodha ileile yenye vipimo vilevile. Anayetoa bei bila kuja kuuona mzigo, au bila kuuona kwa video, mwache. Kampuni zilizo chini ya FIDI, shirikisho la kimataifa la wahamishaji lililoanzishwa mwaka 1950, hukaguliwa kwa kiwango cha ubora kiitwacho FAIM. Hiyo si dhamana ya kila kitu, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kotesheni zikifika, usitazame jumla kwanza. Tazama yafuatayo.

Ujazo uliotumika ni wa mzigo kabla ya kufungashwa au uliokwisha kufungashwa? Ukiwekwa kwenye kreti ya mbao, unaweza kutozwa kwa kipimo cha nje cha kreti, na mita 8 zako zikasomeka 10. Dai iandikwe waziwazi. Na mbao za kreti au paleti ziwe zimetibiwa kwa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kuua wadudu wa mbao, ambacho kwa njia ya joto kinataka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Alama yake hugongwa kwenye ubao wenyewe. Bila alama hiyo mzigo unaweza kuzuiwa, na gharama ya kuutibu au kuurudisha ni yako.

Bei ni ya mwisho, au itabadilika wakipima siku ya kupakia? Zote mbili zinakubalika, mradi ujue. Ikiwa inabadilika, iandikwe bei ya kila mita ya nyongeza, na uwepo wakati wa kupima.

Inaishia wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. "Hadi bandarini" maana yake ni kwamba mzigo ukishushwa tu, mkataba umekwisha. Ada za gati na kushusha kontena, wakala wa forodha, lori la kukuletea, vibarua wa kupandisha ngazi, vyote ni juu yako, tena kwa bei za mji usioujua. Nimeona kotesheni mbili za mzigo mmoja, ya kwanza ikiwa pungufu kwa theluthi moja, na mwenye mzigo akaikimbilia kwa furaha. Ilikuwa ya bandarini. Alipomaliza kulipa ada za kule alikuwa ameipita ile ya pili, na bado kabati lilikuwa chini kwenye ngazi za ghorofa. Chukua mlango hadi mlango, au kama umechagua bandarini, pata kwanza bei ya wakala wa upande wa pili kwa maandishi, uiongeze juu, ndipo ulinganishe.

Nini hakimo? Tafuta mstari wenye maneno "haijumuishi" na usome kila neno. Mara nyingi huko ndiko kuna ada za ukaguzi wa forodha na skana, storeji, ngazi kuanzia ghorofa fulani, umbali wa kubeba kutoka lori hadi mlangoni, kibali cha kuegesha lori, winchi ya kupitishia samani dirishani, na kufungua na kuunga samani. Kwa kila kimoja uliza: kikitokea, ni kiasi gani? Wakikwambia "haitatokea", omba namba hata hivyo.

Kotesheni inaisha lini? Nauli za meli hupanda na kushuka. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi zilizokuwa zikipita Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez zilianza kuzunguka kusini kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo uliongeza siku, mafuta na nauli. Angalia kama kuna kifungu kinachoruhusu tozo ya mafuta kuongezwa baada ya kusaini.

Hatua ya 5: Forodha, na siku za bure bandarini

Nchi nyingi zinawasamehe ushuru wahamiaji kwa vyombo vyao vilivyotumika, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yanayoamua kama bajeti yako itasimama. Umoja wa Ulaya unataka uwe umeishi nje yake kwa miezi 12 mfululizo na vyombo uwe umevimiliki na kuvitumia kwa miezi 6. Uingereza inafuata vipindi hivyohivyo na inataka uombe msamaha huo kabla. Marekani inataka vyombo vya nyumba viwe vimetumika nje kwa mwaka mmoja, na tamko linafanywa kwa fomu 3299. Vileo na tumbaku kwa kawaida haviingii kwenye msamaha huo. Gari lina masharti yake peke yake, usilichanganye kamwe na hesabu ya vyombo.

Kutokana na hayo kuna kosa moja ninaloliona sana: kununua vitu vipya muda mfupi kabla ya kuhama kwa sababu "huku ni rahisi". Televisheni iliyo ndani ya boksi lake la dukani haionekani kama chombo kilichotumika, na inaweza kuvuta ushuru na kodi ya ongezeko la thamani. Kama ulitaka kununua, nunua mapema uitumie, au usinunue.

Orodha ya mizigo iwe ya kweli na ya kina: namba ya boksi, vilivyomo, thamani ya sasa. "Vitu mbalimbali" ni mwaliko wa kufunguliwa boksi. Australia na New Zealand ni wakali mno kuhusu udongo, mbegu na wadudu. Ukienda huko, chukua kijiti ukwangue udongo kwenye nyayo za viatu vya kutembelea porini, osha matairi ya baiskeli, kung'uta hema, safisha mashine ya kufyonzea vumbi. Ukaguzi na usafishaji wao unalipiwa na mwenye mzigo, na viatu visivyooshwa vinatosha kuanzisha ankara hiyo.

Sasa siku za bure. Kontena likishushwa, unapewa siku chache za kulitoa bila malipo. Zikiisha, bandari inatoza storeji na kampuni yenye kontena inatoza demareji, yaani tozo ya kulikawiza, kila siku, na viwango mara nyingi hupanda kadiri siku zinavyokwenda. Ukilitoa ukachelewa kulirudisha tupu, kuna tozo nyingine tena. Kwenye mhamo wangu wa kwanza mzigo ulitangulia kibali changu cha ukaazi. Kontena lilikaa bandarini siku 11, wikendi zote mbili zikihesabiwa, na nilicholipa kwa siku hizo 11 kilikuwa zaidi ya kufungasha nyumba nzima. Hakuna aliyenidhulumu; karatasi zilikuwa wazi, ila sikuwa nimeuliza. Uliza mambo matatu kabla meli haijaondoka: siku za bure ni ngapi, zinaanza kuhesabiwa lini, na forodha wanahitaji karatasi gani ambazo sina mkononi leo. Kama kibali hakijatoka, ni nafuu kulipia ghala la upande wa nyumbani mwezi mmoja kuliko wiki moja ya bandarini.

Uliza pia kuhusu hati ya shehena, ile inayoonyesha nani ana haki ya kuuchukua mzigo. Ikiwa mzigo unatolewa kwa hati halisi ya karatasi, karatasi hiyo lazima ikufikie kabla ya meli kufika. Ikiwezekana omba utaratibu wa kutolewa kwa njia ya elektroniki.

Hatua ya 6: Bima

Wajibu wa msafirishaji kwa sheria una kikomo, na kikomo hicho ni kidogo. Bima ni ya kwako kununua, na humo kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni thamani. Orodhesha kila kitu kwa bei ya kukinunua upya kule unakohamia. Watu wanapunguza thamani ili walipe kidogo, na hapo wanajifunga wenyewe. Vyombo vikiwa na thamani ya 20,000 ukavikatia bima ya 10,000, kisha vikaharibika vya 3,000, bima nyingi zitakulipa 1,500, kwa sababu ulikata bima ya nusu, hivyo kila hasara inalipwa nusu. Na bado watatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema utakibeba wewe.

La pili ni aina. Bima ya kupotea kwa mzigo wote hailipi sahani iliyovunjika. Unayoihitaji ni ya hatari zote, na usome yasiyohusika: ukungu, kutu, nondo, hitilafu za ndani za vifaa vya umeme.

La tatu: nani alifungasha? Maboksi uliyoyafunga mwenyewe mara nyingi hayalipwi kwa kuvunjika kwa vilivyomo. Ushauri wangu ni kugawana kazi. Nguo, mashuka, vitabu na vyombo vya plastiki funga mwenyewe. Glasi, vioo, picha na vya umeme waachie mafundi wao. Utaokoa pesa ya ufungashaji mahali ambapo hakuna cha kuvunjika.

La nne halijulikani sana, nalo ni hasara ya pamoja. Kwa sheria za kale za bahari, meli ikipata janga na ikatumika gharama ya pekee kuiokoa pamoja na shehena yake, wenye mizigo wote wanachangia, hata ambaye mzigo wake haukuguswa. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku 6. Mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na meli ikazuiliwa Misri hadi Julai. Katika hali hiyo mzigo hautolewi mpaka kuwe na dhamana ya mchango. Mwenye bima, kampuni yake inatoa dhamana hiyo. Asiye na bima anatoa fedha taslimu. Hakikisha mkataba unalitaja jambo hili.

Unyevu nao ni wa kujikinga, maana bima nyingi zinaukwepa. Ndani ya kontena joto la mchana na baridi ya usiku hufanya maji yajikusanye darini na kudondoka. Kausha kila kitu kabisa kabla ya kufunga, acha milango ya friji wazi siku mbili, na dai mifuko ya kunyonya unyevu itundikwe.

Hatua ya 7: Pesa ya kusubiri

Mzigo wa meli huchukua wiki kadhaa, na wa kushea unaweza kupita miezi 2 au 3. Wakati huo wote unahitaji pa kulala, sufuria, sahani, blanketi, nguo za hali ya hewa ya huko. Asiyelitengea fungu hili hununua kila kitu upya wiki ya kwanza, kisha kontena linafika na nyumba inakuwa na viwili viwili. Panga begi la kusubiri: sufuria mbili, visu, mashuka, taulo, vifaa vya watoto, dawa zenye cheti cha daktari. Godoro la kujaza upepo au la kuazima linatosha. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule na vya matibabu, pamoja na vito, havipandi meli. Vinakaa na wewe.

Kumbuka pia kwamba nauli za meli hutajwa sana kwa dola ya Marekani, ada za bandari kwa fedha ya nchi unayokwenda, na akiba yako huenda iko kwa fedha ya tatu. Ukishajua ankara zitakuja kwa fedha gani, badilisha kidogo kidogo mapema.

Hatua ya 8: Unganisha hesabu

Mfano wa mzigo wa mita 10, mlango hadi mlango, kwa fedha yoyote:

- Kotesheni: 4,000
- Bima, vyombo vya thamani ya 12,000 kwa asilimia 3: 360
- Fungu la forodha, ukaguzi na storeji: 400
- Kusubiri wiki 6: 700
- Kupanda na kushuka kwa fedha, asilimia 5 ya kotesheni: 200
- Tahadhari, asilimia 10 ya kotesheni: 400

Jumla 6,060. Kotesheni ilisema 4,000. Hiyo 6,060 ndiyo namba ya kuipeleka kwenye mazungumzo ya familia, au kwa mwajiri kama ndiye anayekuhamisha. Kama haiwezekani kuifikia, usipunguze bima wala fungu la forodha. Rudi kwenye hatua ya 2, toa mita mbili, ufanye hesabu upya. Mafungu ya forodha, fedha na tahadhari, jumla 1,000 hapa, yaweke kwenye akaunti unayoweza kuitumia ukiwa kule, maana ankara zake hulipwa haraka na huenda benki yako ya zamani ikachukua siku kadhaa kutuma.

Panga na tarehe: malipo ya awali wakati wa kusaini, salio ambalo wengi hulidai kabla meli haijaondoka, ada za kufika, kisha lori. Mtu anaweza kuwa na pesa ya kutosha kwa jumla na bado akakwama kwa sababu salio linadaiwa wiki ileile ya tiketi za ndege na amana ya nyumba.

Hatua ya 9: Siku ya kupokea

Simama mlangoni na orodha. Kila boksi linaloingia, tia alama kwenye namba yake. Boksi lililobonyea au lenye alama ya maji lipigwe picha kabla halijafunguliwa, na dereva akiwa bado yupo. Karatasi ya kupokelea usiisaini ikiwa safi kama hujafungua maboksi. Andika kwa mkono "imepokelewa bila kukaguliwa" na taja kila kasoro unayoiona. Chini ya kanuni za Hague-Visby, zinazotumika kwa shehena nyingi za baharini, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kuripotiwa kwa maandishi ndani ya siku 3, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Mkataba wako wa bima unaweza kuwa na muda wake tofauti, kwa hiyo usome usiku wa kabla ya mzigo kufika. Anza kufungua vioo, vyombo vya udongo na vya umeme siku hiyohiyo, hata kama umechoka. Nguo zinaweza kusubiri.

Kama ulichukua kontena zima kwa jina lako, kazi haijaisha mpaka limerudishwa tupu. Lifagiliwe, lipigwe picha ndani na nje, na risiti ya kulirudisha uitunze mpaka amana uliyoiweka kwa ajili ya kontena iwe imerudi kwenye akaunti yako.